Umbali wa Angani na Muda wa Safari: Kutoka Shinyanga hadi London

Mwezi Oktoba mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui ulio kilomita 25 hivi kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga, ilichimbwa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kwa hiyo jiwe hilo zima halikufikia gramu 11. Mwenye mgodi, mjiolojia wa Kikanada John Williamson, alilitoa liwe zawadi ya arusi ya Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza, nalo likachongwa huko London mpaka likabaki karati 23.6. Tangu siku hizo hadi leo almasi na dhahabu za ukanda huu wa Tanzania zimekuwa zikisafiri kwenda miji ya mbali, nao watu wake wamesafiri kwa ajili ya masomo, biashara na matibabu.

Je, kutoka Shinyanga hadi London ni mbali kiasi gani, na safari huchukua muda gani? Maswali haya mawili huonekana kama swali moja, na wanafunzi wengi hudhani kwamba akijulikana mmoja wa majibu, la pili hupatikana kwa kugawanya tu. Makala haya yanaeleza jinsi umbali wa angani unavyopimwa, kwa nini muda wa safari haufuati umbali peke yake, na kwa nini tofauti hiyo yaweza kuwa jambo la uhai na kifo.

UMBALI UPI?

Neno umbali lina maana zaidi ya moja. Basi linalotoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Singida, Dodoma na Morogoro huenda karibu kilomita 1,000. Treni ya reli ya kati hushuka kwanza kusini hadi Tabora ndipo igeuke kuelekea mashariki. Lakini mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili una urefu wa kilomita 735 hivi tu. Barabara huzunguka milima, hutafuta mahali pa kuvukia mito, na hupita katika miji iliyo njiani kwa sababu watu wa miji hiyo nao wanaihitaji. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi urefu wa barabara huuzidi ule wa mstari ulionyooka kwa theluthi moja hivi.

Ndege haizuiliwi na mlima wala mto. Hata hivyo nayo haiendi kwa mstari ulionyooka kama rula, kwa kuwa dunia si bapa. Mstari ulionyooka kabisa kutoka Shinyanga hadi London ungepita chini ya ardhi. Ndege hulazimika kuufuata mgongo wa dunia, na swali la kweli ni hili: juu ya uso wa tufe, njia iliyo fupi kuliko zote ni ipi?

NJIA FUPI JUU YA TUFE

Jibu laweza kupatikana darasani bila ya chombo chochote cha thamani. Uchukuliwe mpira wa miguu uliojazwa vizuri, ambao mzunguko wake ni sentimita 70 hivi. Ichorwe ikweta kwa chaki, kisha itiwe alama mahali pa Shinyanga na mahali pa London. Mwanafunzi ashike uzi kwenye alama moja, auvute mpaka alama ya pili, na aukaze. Uzi uliokazwa hutafuta wenyewe njia iliyo fupi. Iwapo uzi huo utaendelezwa kuuzunguka mpira wote, utaonekana kuwa unaukata katika nusu mbili zilizo sawa. Duara la namna hiyo huitwa duara kuu. Ikweta ni duara kuu; kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu; lakini mistari ya latitudo isiyokuwa ikweta si maduara makuu, kwa maana huukata mpira katika vipande visivyolingana.

Mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo. Kwa hiyo juu ya mpira wa sentimita 70, kila sentimita moja huwakilisha kilomita 570 hivi. Uzi kati ya Shinyanga na London utakuwa na urefu wa sentimita 12 na ushee. Kwa njia hii mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kukadiria umbali kati ya miji yoyote miwili ya dunia.

Ramani ya ukutani hudanganya katika jambo hili. Katika ramani inayochorwa kwa njia ya Mercator, nchi zilizo mbali na ikweta huvutwa na kupanuliwa, na mstari unaoonekana umenyooka kwa hakika si njia fupi. Mfano mzuri ni London na Tokyo. Anayefuata mstari ulionyooka katika ramani ya Mercator atakwenda takriban kilomita 11,300. Anayefuata duara kuu atapita kaskazini sana, juu ya Siberia, naye atakwenda kilomita 9,560 tu. Lakini kati ya Shinyanga na London njia hizo mbili hazitofautiani zaidi ya kilomita 20 hivi. Sababu ni kwamba safari hii huelekea zaidi kaskazini kuliko magharibi, na tena huanza karibu na ikweta. Udanganyifu wa ramani hukua kwa msafiri aendaye mashariki au magharibi katika latitudo za juu.

HESABU YENYEWE

Wanafunzi waliokwisha kujifunza trigonometria waweza kupata jibu lililo sahihi zaidi. Kinachohitajika ni mahali pa kila mji. Shinyanga ipo latitudo digrii 3 na dakika 40 kusini, longitudo digrii 33 na dakika 25 mashariki. London ipo latitudo digrii 51 na dakika 30 kaskazini, longitudo dakika 7 magharibi. Tofauti ya longitudo ni digrii 33 na dakika 32.

Kanuni ni hii. Kosaini ya pembe inayotakiwa, yaani pembe inayofanyika katika kitovu cha dunia kati ya miji hiyo miwili, ni sawa na jumla ya vitu viwili: cha kwanza, saini ya latitudo ya mji mmoja mara saini ya latitudo ya mji wa pili, cha pili, kosaini ya latitudo ya kwanza mara kosaini ya latitudo ya pili mara kosaini ya tofauti ya longitudo. Latitudo ya kusini huhesabiwa kuwa hasi.

Kwa kutumia majedwali ya tarakimu nne:

Sehemu ya kwanza: −0.0640 × 0.7826 = −0.0501
Sehemu ya pili: 0.9980 × 0.6225 × 0.8336 = 0.5179
Jumla: 0.4678

Pembe ambayo kosaini yake ni 0.4678 ni digrii 62.1. Kila digrii moja ya duara kuu ina urefu wa kilomita 111.2 juu ya uso wa dunia. Hivyo 62.1 × 111.2 ni kilomita 6,900 na kidogo. Mabaharia na marubani hupendelea maili ya baharini, ambayo ni urefu wa dakika moja ya duara kuu, yaani kilomita 1.852, kwao umbali huu ni maili 3,726. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kwa hiyo hesabu inayoichukulia kuwa tufe kamili yaweza kukosea kwa kilomita kadhaa. Kwa matumizi ya kawaida kosa hilo si kitu.

Duara kuu hilo lina jambo moja la kuvutia. Likitoka Shinyanga, hupita karibu sawasawa juu ya mji wa Mwanza. Kisha huvuka Ziwa Viktoria, Uganda, pembe ya kaskazini-mashariki ya Kongo, Sudan Kusini, Darfur, jangwa la Libya, Bahari ya Mediterania, kisiwa cha Sisilia, na milima ya Alpi karibu na Geneva. Ndipo hupita mashariki kidogo ya Paris na kufika London. Yaani Mwanza ipo njiani kabisa, na historia ya usafiri wa anga yathibitisha jambo hilo.

MWANZA MWAKA 1931

Jaribio moja la mwanzo la kusafiri kwa ndege kutoka Uingereza hadi Afrika ya Kusini liliishia katika nchi ya Unyamwezi. Tarehe 24 Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, iliyogharimiwa na gazeti la The Times, iliondoka Brooklands karibu na London kuelekea Cape Town. Baada ya zaidi ya mwezi mmoja wa matengenezo na vituo vingi ilikuwa imefika Tabora, na hapo tarehe 27 Februari ikaanguka na kuharibika. Waliokuwamo walipona, lakini safari ya ndege hiyo ilikoma hapo.

Miaka kumi na mmoja baadaye huduma ya kawaida ilianzishwa. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia yake ya kwanza ya Afrika, nayo ilikuwa kutoka London hadi Mwanza. Abiria walichukuliwa hadi Khartoum tu; barua ndizo zilizofika Mwanza. Mizigo ilihamishwa njiani kutoka ndege za nchi kavu kwenda ndege za kuelea majini, na sehemu ya mwisho ya safari, kutoka Khartoum hadi Ziwa Viktoria, ilifanywa kwa ndege za majini ambazo hazikuhitaji kiwanja. Mwezi Januari 1932 huduma iliendelezwa hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando.

Hapa ndipo mwanafunzi aonapo kwa mara ya kwanza kwamba kugawanya umbali kwa mwendo hakutoshi. Ndege za wakati ule zilikwenda karibu kilomita 150 kwa saa. Kutoka London hadi Mwanza kwa duara kuu ni kilomita 6,770 hivi; ukigawanya utapata saa 45, yaani hazitimii siku mbili. Lakini barua zilichukua zaidi ya juma zima. Hata zikihesabiwa siku nane tu, ambazo ni saa 192, mwendo wa wastani unakuwa kilomita 35 kwa saa, ambao ni mwendo wa lori lililosheheni katika barabara mbovu. Muda uliobaki ulikwenda wapi? Ulikwenda katika usiku, maana marubani hawakuruka gizani. Katika kujaza mafuta, maana matangi yalikuwa madogo. Katika kuhamisha mizigo. Na katika kusubiri hali ya hewa. Chombo kilikuwa na kasi, bali safari ilikuwa ya polepole.

NDEGE ZA SIKU HIZI

Ndege kubwa za sasa huruka kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa zikiwa juu, penye hewa nyepesi. Kama ingekuwapo ndege ya moja kwa moja kutoka Shinyanga hadi London, kilomita 6,900 zingemalizika kwa saa 7 na dakika 40. Iongezwe nusu saa kwa ajili ya kutambaa kiwanjani, kupanda na kushuka, kwa maana katika hatua hizo ndege haiendi kwa mwendo wake kamili. Jumla ingekuwa saa 8 na ushee.

Upepo nao hubadili hesabu. Mwendo unaosomwa na rubani ni mwendo ndani ya hewa. Lakini hewa yenyewe husafiri. Ikiwa upepo wa mbele ni wa kilomita 100 kwa saa, ndege huikaribia London kwa kilomita 800 tu kwa saa, na safari huwa ya saa 8 na dakika 37. Upepo uleule ukiwa wa nyuma wakati wa kurudi, mwendo huwa kilomita 1,000 na safari saa 6 na dakika 54. Wengi hudhani kwamba hasara ya kwenda hufidiwa na faida ya kurudi. Sivyo. Jumla ya kwenda na kurudi penye upepo ni saa 15 na dakika 31. Pasipo upepo ni saa 15 na dakika 20. Upepo daima huchukua zaidi ya unachorudisha, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo wa kinyume kuliko ndani ya upepo wa kuisukuma.

Lakini ndege ya moja kwa moja haipo, na sababu si moja. Ndege kubwa yenye mafuta ya safari ndefu huhitaji njia ya lami ya kilomita tatu hivi. Tena nyanda za Shinyanga zipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Katika hewa nyepesi mabawa hushika kidogo na injini hupoteza nguvu, hivyo ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, au kupunguza mzigo. Juu ya hayo, hakuna abiria wa kutosha kila siku kati ya miji hiyo miwili. Ndiyo maana mashirika huwakusanya wasafiri katika vituo vikubwa na kuwagawa upya.

Uchukuliwe mfano wa msafiri anayepitia Mwanza, Dar es Salaam na Doha. Kwa barabara hadi Mwanza ni kilomita 160 hivi. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa ndege ni 850. Dar es Salaam hadi Doha ni 3,800, na Doha hadi London ni 5,200. Jumla ni kilomita 10,000 hivi, badala ya 6,900. Muda wake waweza kukadiriwa hivi: saa 3 barabarani, saa 2 za kusubiri Mwanza, saa 1 na nusu angani, saa 4 za kusubiri Dar es Salaam, saa 6 angani, saa 3 za kusubiri Doha, na saa 7 angani. Jumla ni saa 26 na nusu, na katika hizo saa 14 na nusu tu ndizo za kuruka. Zikigawanywa kilomita 6,900 kwa saa hizo 26 na nusu, mwendo wa kweli wa kuikaribia London ni kilomita 260 kwa saa. Ni mara saba ya barua za mwaka 1931, lakini haufikii hata theluthi moja ya mwendo wa ndege.

Mambo ya nchi nayo hupinda njia. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na nyingi kati ya zile zilizokuwa zikipita hapo zikalazimika kuzunguka. Vivyo hivyo, tangu mwaka 2022 mashirika ya Uingereza na ya Japani yameacha kupita juu ya Urusi, na ile njia fupi ya London na Tokyo haikuweza tena kufuatwa nayo. Duara kuu ni kanuni ya jiometria. Halijui mipaka wala vita.

SAA ZA UKUTANI

Kuna kosa moja ambalo hata wasafiri wazoefu hulifanya. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa. Tofauti ya longitudo kati ya Shinyanga na London, digrii 33 na nusu, ni sawa na saa 2 na dakika 14 za jua. Hata hivyo saa za ukutani hazifuati jua la kila mji. Afrika ya Mashariki hutumia saa ya longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao hauigusi hata ardhi ya Tanzania. Kwa hiyo imetangulia saa ya Greenwich kwa saa 3 kamili. Shinyanga ipo magharibi ya mstari huo kwa zaidi ya digrii 11, na ndiyo sababu jua huwa utosini huko, kwa wastani, saa sita na dakika 46 mchana, wala si saa sita kamili.

Ichukuliwe kwamba ndege imeondoka Dar es Salaam saa nne usiku, na safari ni ya saa 10. Kwa saa ya nyumbani itafika saa mbili asubuhi. Lakini saa ya ukutani huko London, wakati wa majira ya baridi, itaonyesha saa kumi na moja alfajiri. Majira ya joto Waingereza huzisogeza saa zao mbele kwa saa moja, na hapo itakuwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayetoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika bila kurekebisha tofauti hiyo atapata saa 7 au 8, naye atashangaa jinsi safari ya kurudi ilivyo ndefu. Tena msafiri akumbuke kwamba tikiti huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Waswahili huhesabu tangu macheo na machweo: saa 22:00 ya tikiti ndiyo saa nne usiku. Wako waliofika kiwanjani wakakuta ndege imekwisha ondoka kwa kutozingatia jambo hilo dogo.

DHAHABU HURUKA, PAMBA HUSAFIRI CHINI

Mkoa wa Shinyanga ni nchi ya almasi, na ni nchi ya pamba pia. Upande wa magharibi upo ukanda wa dhahabu, ambako migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Kwa nini dhahabu hupelekwa kwa ndege na marobota ya pamba hupelekwa kwa reli, barabara na meli? Umbali ni uleule.

Jibu lipo katika thamani ya kila kilo. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya maji. Ndoo ya lita 20 ikijazwa dhahabu ingekuwa na uzito wa kilo 386. Shehena ndogo sana hubeba thamani kubwa mno, na nauli ya ndege huwa sehemu ndogo isiyohisika. Kila siku shehena hiyo ikaapo njiani, fedha zake hazifanyi kazi, na walinzi hulipwa. Kwa pamba mambo ni kinyume: nauli ya ndege ingekula sehemu kubwa mno ya bei, na juma moja zaidi baharini haliiozeshi. Kwa hiyo muda una bei, na bei hiyo hutofautiana kwa kila mzigo. Njia nyingine ya kushinda umbali ni kuuondoa kabisa: mwaka 2021 kilizinduliwa Mwanza kiwanda cha kusafishia dhahabu, ili kazi iliyokuwa ikifanywa ng'ambo ifanyike kilomita 84 tu kutoka Geita, kwa mstari wa angani.

KILOMITA TATU ZA BUSISI

Upo mzigo mmoja ambao bei ya muda wake haikadiriki, nao ni mgonjwa mahututi. Ichukuliwe kwamba mama mjamzito anayevuja damu yupo Geita, na anahitajika afikishwe Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza. Aende kwa gari au kwa ndege?

Safari ya ndege ina muda usiopungua hata umbali ukiwa mdogo: kuitafuta ndege, kumfikisha mgonjwa kiwanjani, kumpakia, na kumtoa kiwanja cha pili hadi hospitalini. Muda huo ukadiriwe kuwa saa 3, na mwendo wa ndege uwe kilomita 600 kwa saa. Gari nalo liende kilomita 60 kwa saa, na barabara iwe ndefu kuliko mstari wa angani kwa theluthi moja hivi, yaani mara 1.3. Hesabu yaonyesha kwamba njia hizo mbili hulingana penye umbali wa angani wa kilomita 150. Chini ya hapo gari hutangulia. Juu ya hapo ndege hutangulia. Kutoka Geita hadi Dar es Salaam, kilomita 900 hivi za angani, ndege huchukua saa 4 na nusu, na gari zaidi ya saa 19. Hapo hakuna shaka. Kutoka Geita hadi Mwanza, kilomita 84, gari huchukua saa 1 na dakika 49, na ndege saa 3 na dakika 8. Gari ndilo la kuchaguliwa.

Lakini kwa miaka mingi hesabu hiyo haikuwa kweli. Kati ya Kigongo na Busisi barabara ilikatwa na Ghuba ya Mwanza, na magari yalivuka kwa kivuko. Maji hayo ni kilomita tatu hivi tu. Hata hivyo kivuko kilikuwa na zamu yake, na foleni yaweza kuwa ndefu. Gari likichelewa hapo kwa saa 2, safari ya gari ilifikia saa 3 na dakika 49, yaani ilizidi ile ya ndege. Na kwa mgonjwa asiye na ndege ilikuwa ni kungoja ukingoni na kuziangalia taa za upande wa pili. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, umbali kati ya Geita na Bugando haukupungua kwa hatua za kuhesabika. Kilichopungua ni muda: kilomita tatu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni dakika tatu.

Basi umbali ni jambo la jiometria, nao haubadiliki. Muda ni jambo la viwanja, madaraja, zamu, upepo, mipaka na saa za kusubiri, na mengi ya hayo yamo mikononi mwa binadamu. Mwanafunzi anayeulizwa kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mbali kiasi gani afanye hesabu ya duara kuu; kisha aulize la pili, ambalo mara nyingi lina uzito zaidi: ni wapi katika njia hiyo ambapo msafiri husimama, na kwa nini?

MAZOEZI

1. Geita ipo latitudo digrii 2 na dakika 52 kusini, longitudo digrii 32 na dakika 14 mashariki. Kwa kutumia kanuni iliyotolewa, tafuta umbali wa angani kutoka Geita hadi London. Je, ni zaidi au ni pungufu kuliko kutoka Shinyanga?

2. Ndege huruka kilomita 500 kwa saa pasipo upepo. Tafuta muda wa kwenda na kurudi Mwanza hadi Dar es Salaam (a) pasipo upepo, (b) penye upepo wa kilomita 50 kwa saa unaovuma kutoka Dar es Salaam kuelekea Mwanza.

3. Pima kwa uzi juu ya ramani umbali ulionyooka kati ya shule yako na hospitali ya rufaa iliyo karibu. Linganisha na urefu wa barabara, kisha uliza madereva muda wa safari wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Eleza tofauti zitokanazo na umbali, na zile zitokanazo na mambo mengine.